Ferris Bueller, mtoro anayependeka, na rafiki yake Cameron

Kijana anayevunja sheria ni mhusika rahisi kumwandika lakini mgumu kumfanya apendwe. Watazamaji wenye watoto humwona kuwa mkorofi anayehitaji kushikwa sikio, na watazamaji wa rika lake humwona kuwa mtu anayejionyesha. Ndiyo maana vichekesho vingi vya aina hii huishia kutegemea fujo: mlango unavunjwa, gari linatumbukia majini, mwalimu anamwagiwa uchafu, na ukishatoka ukumbini humkumbuki tena kijana mwenyewe. Filamu ya John Hughes iitwayo Ferris Bueller's Day Off, iliyoanza kuonyeshwa Marekani mwezi Juni 1986, ilifanikiwa pale ambapo nyingi zimeshindwa, nami nimejiuliza mara nyingi sababu ni nini. Jibu nililofikia ni kwamba utundu wa Ferris una mlengwa. Siku ile yote ya utoro imeandaliwa ili kumtoa mtu mwingine kitandani.

Kisa chenyewe ni chepesi. Ferris ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari katika vitongoji vya kaskazini mwa Chicago, eneo ambalo Hughes alilijua vizuri kwa kuwa alisoma sekondari huko huko, mjini Northbrook. Asubuhi moja yenye jua anajilaza akijifanya mahututi, wazazi wake wanamwonea huruma kisha wanaondoka kwenda kazini, na mara mlango unapofungwa anatugeukia sisi watazamaji na kuanza kutufundisha namna ya kusingizia ugonjwa. Usijitie homa, anasema, maana mzazi mwenye wasiwasi atakukimbiza kwa daktari, na hilo ni baya kuliko kwenda shule. Jikunje kama mwenye msokoto wa tumbo, na ukiwa umeinama unaugulia, lamba viganja vyako, ili mzazi akikushika mkono aukute umelowa na kupoa. Anakiri mwenyewe kwamba ni jambo la kitoto na la kipuuzi, kisha anaongeza kuwa hata sekondari yenyewe iko hivyo hivyo.

Kitendo hicho cha kutugeukia na kusema nasi ndicho kinachoanzisha mapenzi yetu kwake. Mtu akishakueleza hila yake, tayari umekuwa mshirika wake, utake usitake: wazazi hawajui, walimu hawajui, wewe unajua. Kuanzia hapo, kila anaponusurika tunanusurika pamoja naye. Matthew Broderick, aliyekuwa na umri wa miaka 23 filamu ilipopigwa, alikuwa amekwisha kushinda tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani Marekani, mwaka 1983 kwa igizo la Neil Simon kwenye Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo jijini New York, ambamo aliigiza kijana anayesimulia mambo ya nyumbani kwao moja kwa moja kwa hadhira, na uzoefu ule unaonekana wazi. Hapazi sauti wala hatafuti kicheko kwa nguvu. Anazungumza kwa utulivu wa mtu asiyekuwa na shaka kwamba atasikilizwa, na utulivu huo ndio unaomtofautisha na vijana wengine wa filamu za miaka ile, ambao kila mzaha wao huja na kelele.

Sisi tuliolelewa kwa ngano za Sungura na visa vya Abunuwasi hatuhitaji kufundishwa namna ya kumpokea mhusika kama huyu. Sungura hana nguvu za Simba wala meno ya Fisi. Mtaji wake ni akili na ulimi, na hakuna msikilizaji anayedai kwamba mwisho wa hadithi atubu au abadilike. Abunuwasi naye huitwa mbele ya mtawala ili aumbuliwe, akatoka salama kwa kuyageuza maneno ya mkubwa yamrudie mwenyewe. Lakini ngano hizo zina sharti ambalo kila msimulizi mzuri analijua: mjanja huchekesha anapomkabili aliye na nguvu kumzidi, na kicheko hukauka pindi anapomgeukia mnyonge. Hughes anashika sharti hilo kwa uangalifu mkubwa. Waliodanganywa na Ferris karibu wote ni watu wazima wenye mamlaka juu yake, na anayeaibishwa hadharani ni yule aliyemdharau kwanza, kama msimamizi wa mgahawa wa kifahari anayemtazama Ferris na wenzake wawili kwa kebehi hadi Ferris ajitangaze kuwa ni Abe Froman, mfalme wa soseji wa Chicago, na kudai meza aliyowekewa mtu huyo.

Upande wa pili yuko Ed Rooney, msimamizi wa nidhamu shuleni, anayeigizwa na Jeffrey Jones. Kwa haki kabisa, Rooney ana hoja. Ferris amekosa shule mara tisa katika muhula mmoja, na mama yake hajui. Rooney anampigia simu kumweleza, macho yake yakiwa kwenye kompyuta ya ofisini, na tarakimu inaanza kushuka mbele yake, moja baada ya nyingine, mpaka ikatua kwenye mbili, kwa sababu Ferris ameingia katika kumbukumbu za shule akiwa chumbani kwake. (Tukumbuke kuwa ni mwaka 1986, na watazamaji wengi hawakuwa na kompyuta nyumbani. Ferris mwenyewe analalamika kwamba dada yake alinunuliwa gari, yeye akanunuliwa kompyuta.) Kosa la Rooney linaanza pale anapoiacha shule nzima ili kumwinda mtoto mmoja, na linakuwa kubwa zaidi anapojaribu kuingia nyumba ya watu bila ruhusa. Matope, mbwa mkali na kiatu kilichonasa ni malipo ya hatua zake mwenyewe. Ferris hayupo hata karibu. Nimependa siku zote jinsi Hughes alivyowatenga: Rooney akiwa amesimama kwenye duka la piza, televisheni inaonyesha mechi ya besiboli uwanjani Wrigley Field, na Ferris ndiye anayeudaka mpira uliopigwa ukaruka hadi kwa watazamaji, lakini wakati huo huo Rooney ameangalia pembeni.

Lazima niseme neno moja kuhusu darasa la uchumi, kwa kuwa bila darasa hilo tusingeelewa Ferris anakimbia nini. Mwalimu anaita majina, anafika jina la Bueller, analirudia kwa sauti ile ile iliyokufa, halafu anafundisha kuhusu sheria ya ushuru ya Smoot na Hawley ya mwaka 1930 huku akiuliza maswali ambayo anayajibu mwenyewe. Mwigizaji, Ben Stein, alikuwa amesomea uchumi na sheria na aliwahi kuandika hotuba za Rais Nixon. Somo alilotoa mbele ya kamera lilikuwa somo la kweli. Kamera inapita kwenye nyuso za wanafunzi, mmoja amelala mezani na mate yanamtoka, na unaona kwamba mafundisho yale ni ya maana kubwa, yanahusu njaa na ukosefu wa kazi wa kizazi cha babu zao, lakini hakuna hata tone linalowafikia. Kwangu mimi hapo ndipo hoja dhidi ya shule inapotolewa kwa uzito kuliko katika hotuba zozote za Ferris.

Sasa nifike kwa Cameron Frye. Tunapokutana naye yuko kitandani gizani, amezungukwa na dawa, akiamini kwamba anakufa. Alan Ruck, aliyemwigiza, alikuwa na miaka 29, na alikuwa amecheza na Broderick katika igizo jingine la Neil Simon kwenye Broadway, kwa hiyo urafiki tunaouona haukuanzia kwenye seti. Ferris anampigia simu kumtaka aje na gari. Cameron anakataa, kisha anakubali, kisha anakaa ndani ya gari lake kuukuu akibishana na nafsi yake kwa sauti: anawasha, anazima, anapigapiga kiti, anatoka nje akiwa ameghadhibika, anarudi. Hakuna mtu mwingine kwenye tukio hilo. Ni kijana mmoja na woga wake, na ukumbi mzima unacheka kwa sababu kila mtu amewahi kuwa mahali pale, kati ya simu ya rafiki na sauti ya mzazi kichwani.

Muda mfupi baadaye Cameron huyo huyo anampigia Rooney simu akijifanya baba yake Sloane Peterson, mpenzi wa Ferris, akidai binti aruhusiwe kuondoka kwa sababu bibi yake amefariki. Rooney anajua huo ni uongo, anaamini anayezungumza ni Ferris, na anamjibu kwa matusi yote aliyoyahifadhi muhula mzima. Hapo laini ya pili inaita. Katibu muhtasi anasema ni Ferris Bueller. Uso wa Rooney unapoporomoka, Cameron kwa upande wake anagundua kwa mshangao kwamba anao uwezo wa kumtetemesha mtu mzima, na sauti yake inapanda, anafoka, anatoa amri. Sauti ile nzito waigizaji wawili walikuwa wakiitumia kumwigiza mwongozaji wao wa Broadway, Gene Saks. Nimetaja jambo hilo kwa sababu linaonyesha jinsi tukio lilivyo sahihi: vijana wawili wanaofahamiana wanatumia mzaha wao wa faragha dhidi ya mkubwa.

Kisha linakuja gari. Baba yake Cameron anamiliki Ferrari 250 GT California ya mwaka 1961, ambazo zilitengenezwa mia moja na chache tu, na ameliweka katika jumba la vioo lililosimama juu ya korongo lenye miti huko Highland Park. Haliendeshwi. Linapanguswa, na maili zake zinajulikana kwa tarakimu. Hughes hakuwa na fedha za kutumia magari halisi kwenye matukio ya hatari, kwa hiyo yaliyopigwa picha yakienda mbio yalikuwa ya kuiga, lakini ukilitazama likiwa limesimama katika ule mwanga unaelewa mara moja jambo ambalo Cameron hajalisema bado: nyumbani kwao kuna kitu kinachopendwa, na kitu hicho si yeye.

Watatu hao wanaingia mjini. Wanapanda Sears Tower, wakati huo jengo refu kuliko yote duniani, na wanaegemeza vipaji vya nyuso kwenye kioo kutazama chini. Wanapita soko la mitaji, wanakwenda mpirani. Halafu wanaingia Taasisi ya Sanaa ya Chicago, na filamu inanyamaza. Hakuna maneno, kuna muziki wa ala tu, na picha moja baada ya nyingine. Ferris na Sloane wanabusiana mbele ya dirisha la vioo vya rangi. Cameron amesimama peke yake mbele ya mchoro mkubwa wa Georges Seurat wa Jumapili kandokando ya mto, uliokamilika mwaka 1886, ambao wote umetengenezwa kwa vitone vya rangi. Katikati ya mchoro kuna mtoto mwenye nguo nyeupe aliyeshikwa mkono na mama yake. Kamera inasogea kwa mtoto, inarudi kwa Cameron, inasogea tena, inarudi tena, mpaka uso wa mtoto unakuwa vitone visivyo na umbo na macho ya Cameron yanajaa skrini. Hughes alieleza baadaye kwamba kadiri kijana anavyotazama ndivyo anavyozidi kutoona kitu, na kwamba ndivyo anavyojihofia yeye mwenyewe. Alisema pia kuwa jumba lile lilikuwa kimbilio lake alipokuwa mwanafunzi. Sijui vichekesho vingi vya vijana vinavyothubutu kusimama hivyo, bila mzaha, kwa ajili ya huzuni ya mhusika wa pembeni. Na tukio lilikaribia kupotea: watazamaji wa majaribio hawakulipenda, na mhariri Paul Hirsch akaubadilisha muziki, na gwaride, ambalo awali lilitangulia, likahamishiwa baada yake.

Gwaride hilo ni la Von Steuben, la Wamarekani wenye asili ya Ujerumani, na sehemu yake ilipigwa picha kwenye gwaride la kweli. Ferris anaparamia gari la maonyesho na kuimba, na mji mzima unacheza. Wengi hukumbuka kucheza. Mimi hukumbuka mazungumzo ya Cameron na Sloane wanaotembea kando ya barabara, Cameron akisema kuwa Ferris anaweza jambo lolote, naye hajui atafanya nini na maisha yake, kabla hawajamwona rafiki yao juu ya gari. Ferris anapanda pale baada ya Cameron kulalamika kwamba siku nzima hawajaona kitu kizuri. Kelele yote ile ni jibu kwa mtu mmoja.

Wanaporudi wanagundua kwamba waegesha magari waliokabidhiwa Ferrari mjini walilitembeza, na maili zimeongezeka. Cameron anaganda, haongei, hajibu, na wanapompeleka penye bwawa la kuogelea anajiachia akazama hadi chini, mpaka Ferris anajitosa kumwokoa kwa hofu ya kweli, na tunamwona kwa mara ya kwanza akiwa hana hila. Cameron alikuwa mzima. Anawaambia kwamba katika ule mgando wake ameona jinsi lilivyo jambo la kuchekesha kuishi kwa kuogopa kila kitu. Kisha wanalipandisha gari kwenye jeki, wanaliwekea gia ya kinyumenyume, wakitumaini maili zitarudi. Hazirudi. Ujanja wa Ferris, ambao umefaulu mbele ya wazazi, shule na jiji zima, unashindwa mbele ya mashine, na hapo Cameron anaanza kulipiga gari mateke. Analipiga akimlilia baba yake, akiuliza anampenda nani. Ruck anaigiza kwa hasira ya mtu mwenye miaka mingi ya kukaa kimya. Anapomaliza, anaweka mguu juu ya gari lililobonyea kama aliyepumzika, jeki inateleza, magurudumu yanagusa sakafu, na gari linatoka kupitia kioo na kutumbukia korongoni.

Ferris anajitolea kubeba lawama. Ni ofa ya kweli, na angeweza kuibeba. Watu wazima humsamehe. Cameron anakataa. Anasema anataka yeye mwenyewe aseme na baba yake atakaporudi. Baba hatumwoni kamwe katika filamu, wala mazungumzo hayo hatuyasikii, na naona Hughes alifanya vyema kutupokonya tukio ambalo mwandishi mwingine angelifanya kilele.

Wapo wanaomwona Ferris kuwa kijana mbinafsi aliyemburuta rafiki mgonjwa ili apate gari, na hoja yao ina uzito. Anamlazimisha, anamshinikiza, anajua gari lile ni hatari kwa Cameron na analichukua. Vilevile, utoro wake hauna gharama kwa sababu ametoka katika nyumba yenye nafasi, kwenye kitongoji cha matajiri, na ana sura ambayo mwenye mgahawa au askari hana haraka ya kuishuku. Kijana wa upande wa kusini wa Chicago, wenye wakazi wengi weusi na maskini, mwaka ule ule, asingetembea kwa uhuru huo akiwa na gari la mtu mwingine. Msomaji aliyesoma katika shule ambazo utoro ulilipwa kwa viboko mbele ya mstari wa asubuhi anaiona tofauti hiyo bila kuelezwa. Siamini kwamba filamu inaijua. Hata hivyo inajua jambo jingine kuhusu upendeleo, na imelikabidhi kwa Jeanie, dada yake Ferris, anayeigizwa na Jennifer Grey.

Jeanie ndiye anayeona ukweli tangu asubuhi. Anajua kaka yake si mgonjwa, anasema, na hakuna anayemsikiliza. Shuleni anakuta wanafunzi wakichangisha fedha za kumnunulia Ferris figo mpya. Anarudi nyumbani kumfumania, anamkuta Rooney jikoni, anaita polisi, na polisi wanamkamata yeye kwa kupiga simu ya uongo. Ni haki yake kukasirika. Kituoni anakaa karibu na kijana aliyekamatwa kwa dawa za kulevya, Charlie Sheen akiwa na macho mekundu, naye anamwambia kwa upole kwamba shida yake si kaka yake na kwamba angefaa kujishughulisha zaidi na maisha yake. Kwa kweli ushauri huo sijauridhia kikamilifu, kwa sababu unamtaka aliyeonewa aache kuhesabu. Lakini Grey anaupokea kwa tabasamu linalochipuka polepole usoni, na namwamini.

Basi inafika jioni. Ferris amekimbia kupitia nyua za majirani ili awatangulie wazazi, na anapofika mlango wa nyuma Rooney anamsubiri, mchafu, amechoka, ameshinda. Ferris hana neno. Ni mara yake ya kwanza kukosa la kusema. Mlango unafunguka na Jeanie anatoka, anamkumbatia kaka yake kwa maneno ya wasiwasi, anamshukuru Bwana Rooney kwa kumrudisha nyumbani mtoto mgonjwa aliyejaribu kutembea kutoka hospitali, kisha anamwambia msimamizi huyo kwamba alisahau pochi yake kwenye sakafu ya jikoni, na kuirusha kwenye matope.